Stempu Zilizogeuka Rangi

Stempu ya kwanza duniani haikumaliza mwaka. Ilianza kutumika Uingereza tarehe 6 Mei 1840, nyeusi, yenye kichwa cha Malkia Victoria na bei ya peni moja. Ilipofika Februari 1841 nafasi yake ilishikwa na nyingine ya sura ile ile na bei ile ile, ila nyekundu. Wateja hawakukosekana, maana katika kipindi hicho kifupi zilichapwa zaidi ya milioni 68. Kilichoiondoa ni kwamba watu walikuwa wakiifua na kuitumia tena.

Kabla ya hapo, kwa kawaida aliyepokea barua ndiye aliyelipa, tena kwa kupimiwa umbali. Rowland Hill akaishawishi serikali kwamba alipe anayetuma, peni moja kwa barua nyepesi, iwe inakwenda mtaa wa pili au ncha nyingine ya nchi. Kikaratasi chenye gundi mgongoni kikawa risiti ya malipo hayo. Lakini risiti inayotumika mara mbili ni hasara, kwa hiyo posta iligonga kila stempu muhuri wa umbo la msalaba kwa wino mwekundu. Haukupita muda watu wakagundua kwamba wekundu wa muhuri unatoka, na weusi wa stempu unabaki palepale. Stempu ikaoshwa, ikakaushwa, ikapakwa gundi upya, ikarudi kazini.

Hill na wachapaji wake, Perkins, Bacon & Petch wa London, wakaanza kutafuta dawa. Walichonga bamba dogo la majaribio lenye kichwa cha Malkia, wakalichapa kwa rangi nyingi mbalimbali, kisha wakazijaribu moja moja kwa vimiminika vya kila aina kuona ipi inavumilia na ipi inakimbia. Wakusanyaji wa leo wanaviita vikaratasi hivyo majaribio ya upinde wa mvua. Jibu lililopatikana lilikuwa kugeuza kibao: muhuri ndio uwe mweusi, kwa wino sugu, na stempu ndiyo iwe nyekundu, kwa wino dhaifu. Atakayejaribu kuufuta muhuri ataifuta na stempu yenyewe.

Hapo ndipo historia ya stempu zinazogeuka rangi ilipoanzia. Wino haukuwa dhaifu kwa sababu wachapaji hawakujua kazi. Ulidhoofishwa kwa makusudi, kulinda mapato. Wekundu ule ulikuwa na kemikali ya potasi iliyoingia katika karatasi, ambayo wakati wa kuchapa ilikuwa imeloweshwa, na kuifanya karatasi ipige samawati. Ukiigeuza nyuma peni nyekundu ya miaka ya 1840 utaona usamawati huo umetanda, isipokuwa katikati, pale penye uso wa Malkia ambapo wino ulikuwa haba. Pamebaki peupe, kivuli cha kichwa kinachoonekana kwa mgongoni. Hakuna aliyekusudia kukichora. Ni kemia iliyojichorea.

Tangu siku hizo rangi ya stempu imekuwa ikibadilika kwa njia mbili. Kuna mabadiliko yaliyotokea kabla stempu haijatoka mikononi mwa mchapaji, na kuna yaliyotokea baada ya hapo, kwa jua, maji, hewa au mkono wa mtu. Ya kwanza yanaweza kununua nyumba. Ya pili yanaishusha stempu isiwe na bei ya maana. Tatizo ni kwamba kwa macho matupu mara nyingi hufanana.

Makosa ya mezani kwa mchapaji

Mwaka 1851 jimbo la Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo, lilitoa stempu zake za kwanza. Zilichapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi za rangi, kila bei na karatasi yake. Ya krojza 9 ilikuwa ya waridi, ya krojza 6 ya kijani-samawati. Siku moja rundo la karatasi za kijani likatiwa chini ya bamba la 9. Wino ulikuwa sahihi na bamba lilikuwa sahihi, karatasi tu ndiyo haikuwa yake. Zimebaki chache mno, za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Miaka kumi baadaye kosa la namna nyingine likatokea Cape Town. Koloni la Rasi lilikuwa na stempu za pembetatu tangu 1853, zilizochapwa London na kusafirishwa kwa meli. Mwaka 1861 akiba ikapungua kabla shehena mpya haijafika, kazi ikapewa kiwanda cha hapo hapo cha Saul Solomon. Vilitengenezwa vipande vya chuma, kimoja kwa kila stempu, vikapangwa juu ya mbao kuunda bamba zima. Katika kupanga, kipande kimoja cha peni 1 kikaangukia katika bamba la peni 4, na kimoja cha peni 4 kikaenda katika bamba la peni 1. Kwa hiyo kila karatasi nyekundu ya peni moja ilitoka na pembetatu moja ya peni nne iliyo nyekundu badala ya samawati, na kila karatasi ya samawati ya peni nne ilitoka na peni moja ya samawati. Karani wa posta aliyekuwa akikata stempu kwa haraka hakuona kitu.

Kisa cha Sweden kinafanana na hicho, ila kimevipita vyote kwa umaarufu. Nchi hiyo ilitoa stempu zake za kwanza tarehe 1 Julai 1855, bei tano, chini ya mkataba na mchapaji Pehr Ambjörn Sparre. Skilling 3 ilikuwa ya kijani-samawati, skilling 8 ya njano ya kuelekea chungwa. Nembo ya katikati ilikuwa moja kwa zote, ngao yenye mataji matatu. Tofauti ilikuwa maandishi ya bei tu. Kila bamba lilikuwa na vipande 100. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kipande kimoja katika bamba la skilling 8 kiliharibika, fundi akatafuta mbadala, akaokota cha skilling 3 bila kusoma maandishi. Bamba likaingizwa mashineni na wino wa njano ukapakwa kote.

Angalau stempu moja ya namna hiyo ikauzwa, ikabandikwa, ikagongwa muhuri Nya Kopparberget tarehe 13 Julai 1857. Mwaka uliofuata Sweden ikaachana na sarafu ya skilling, ikaingia öre, na stempu za zamani zikaachwa kutumika. Ile ya njano ikalala kwenye barua zilizohifadhiwa nyumbani, karibu na mji wa Köping, hadi katikati ya miaka ya 1880. Kijana wa shule aitwaye Georg Wilhelm Baeckman, akiwa likizoni kwa bibi yake, akapekua barua hizo kutafuta stempu za kuuza. Heinrich Lichtenstein, mfanyabiashara wa stempu Stockholm, alikuwa akinunua skilling 3 kwa krona 7. Baeckman akampelekea hii. Lichtenstein akashangaa kidogo kwa rangi yake, lakini krona 7 akatoa.

Mwaka 1894 ikamfikia Philipp von Ferrary, tajiri aliyeishi Paris na aliyekuwa na mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa zama zake. Ferrary alifariki 1917, akiwa ameusia stempu zake ziende makumbusho ya posta ya Berlin. Wafaransa hawakukubali. Vita vilipomalizika waliutwaa mkusanyiko kama mali ya adui na kuuza kipande kwa kipande katika minada ya Paris kati ya 1921 na 1925, fedha zikahesabiwa katika fidia ya vita. Njano ya Sweden ikapita kwa matajiri kadhaa wa nchi yake, na mwaka 1937 ikanunuliwa na Mfalme Carol II wa Romania.

Wino unaokimbia maji

Wakati stempu hiyo imelala Köping, huko London serikali ilirudia vita vyake vya 1840 kwa silaha kali zaidi. Kuanzia 1881 stempu moja iliruhusiwa kutumika kwa posta na kwa ushuru wa hati pia. Stempu ya hati haikugongwa muhuri; ilibatilishwa kwa kalamu, na wino wa kalamu husafishika kwa urahisi kuliko wa muhuri. Wachapaji De La Rue wakaleta wino unaoharibika kwa njia mbili, kwa maji na kwa dawa za kusafishia. Kwa wakati ule wino wa namna hiyo ulipatikana kwa rangi mbili tu za kutegemewa, zambarau mpauko na kijani.

Peni ya zambarau ya 1881 ikawa stempu ya kila siku ya Waingereza kwa miaka ishirini, na zikachapwa zaidi ya bilioni 33. Lakini toleo la 1883 na 1884, lililokuwa na bei nyingi kwa rangi hizo hizo mbili, liliwaudhi watu. Karani aliyefanya kazi kwa mwanga wa taa hakuweza kutofautisha bei moja na nyingine. Ikaundwa kamati, na 1887 likaja toleo jipya lenye rangi mbili katika stempu moja na karatasi za rangi.

Kwa mkusanyaji madhara yalibaki. Njia ya kawaida ya kutoa stempu kwenye bahasha ni kuiloweka, na kwa kijani ya 1883 kuloweka ni kuiua. Wino unakimbia, kijani iliyokolea inapauka na kugeuka kama ya majani makavu. Ndiyo maana leo moja yenye rangi yake ya asili ina bei mara nyingi zaidi ya dada yake aliyeoshwa.

Zambarau ile ile ilifika pwani yetu. Mei 1890, posta ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipofunguliwa Mombasa na Lamu, haikuwa na stempu zake. Ikatumia za Uingereza zilizochapwa juu yake jina la kampuni na bei ya sarafu ya Kihindi: peni 1 ya zambarau ikawa nusu ana. Wino uliobuniwa kumzuia mwizi wa London usafishe hati ukajikuta katika joto na unyevu wa Bahari ya Hindi, ambako hata gundi huyeyuka ndani ya droo. Anayeokota stempu hizo leo katika bahasha ya zamani asithubutu kuziweka kwenye maji.

Rangi kwa amri

Yapo pia mabadiliko ambayo si kosa wala uharibifu. Mkutano wa Umoja wa Posta Duniani uliofanyika Washington mwaka 1897 ulikubaliana kwamba barua za kimataifa zitambulike kwa rangi: kijani kwa magazeti na machapisho, nyekundu kwa kadi, samawati kwa barua. Karani wa Cairo asiyejua kusoma maandishi ya Japani angejua kwa rangi tu kwamba malipo yametimia. Nchi nyingi zililazimika kubadilisha stempu zao. Himaya za Afrika Mashariki na Uganda zilipotoa toleo la Mfalme Edward VII mwaka 1903, utaratibu huo unaonekana wazi: nusu ana kijani, ana moja nyekundu na kijivu, ana mbili na nusu samawati.

Utaratibu wa namna hiyo ndio unaomchanganya anayeanza kukusanya. Mwaka 1949 stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilifanya jambo ambalo ukiliona bila maelezo ungedhani ni kosa la Cape Town limerudi. Senti 5, iliyokuwa nyeusi na kijani, ikavaa kahawia na chungwa. Senti 10, iliyokuwa kahawia na chungwa, ikavaa nyeusi na kijani. Zilibadilishana nguo. Kwa kuwa zilitolewa rasmi na kuuzwa katika kila posta, hakuna aliyepata utajiri kwa hilo.

Hewa na magadi

Mabadiliko yanayodanganya watu wengi zaidi ni yale ambayo hayana mwenyewe. Wino wa njano na chungwa wa karne ya 19 mara nyingi ulitengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi ikikutana na gesi ya salfa, ile inayonuka kama yai viza, hugeuka kahawia na hatimaye nyeusi. Miji ya Ulaya na Marekani ya zama zile iliwasha makaa ya mawe na gesi ya makaa katika kila nyumba, na hewa yake ilijaa salfa. Stempu iliyokaa ndani ya albamu miaka hamsini ikatoka imekuwa ya rangi ambayo haimo katika orodha yoyote, na mwenyewe akaamini amepata kosa la kiwandani. Ukipitisha juu yake pamba yenye tone la haidrojeni peroksaidi, weusi hupungua na chungwa hurudi, maana dawa hiyo huigeuza salfaidi ya risasi kuwa kitu cheupe kisichoonekana.

Kijani kina hadithi yake. Wachapaji wengi walikipata kwa kuchanganya buluu ya Prussia na njano ya kromu. Njano ikipotea, kinabaki kibuluu. Sabuni kali au maji ya magadi yakiivunja buluu, kinabaki kinjano. Kwa hiyo mtu mwenye stempu ya kijani ya bei ya kawaida, beseni na magadi, anaweza kujitengenezea njano ya ajabu jikoni kwake kabla ya chakula cha mchana. Hilo ndilo linaloifanya kila stempu ya njano iliyotakiwa kuwa kijani itazamwe kwa jicho la shaka, hata ya Sweden.

Shaka hiyo ilizidi kwa sababu ya mafundi kama Jean de Sperati, Mwitaliano aliyeishi Aix-les-Bains, Ufaransa. Yeye alichukua stempu halisi ya bei ndogo, akafuta sura yake kwa kemikali, akabakiza karatasi yenyewe na muhuri wake wa kweli, kisha akachapa juu yake sura ya stempu adimu. Mwaka 1942 forodha ya Ufaransa ilizuia kifurushi chake kilichokuwa kikienda Lisbon. Sperati akasema ni nakala alizotengeneza mwenyewe, wataalamu wa serikali wakasisitiza ni stempu halisi za thamani kubwa, naye akashtakiwa kwa kutoa mali nje ya nchi bila kuitangaza. Mwaka 1954 chama cha wafanyabiashara na wakusanyaji wa Uingereza kilinunua akiba yake yote na vifaa vyake ili tu aache kazi.

Karne ya 20 yenyewe haikukosa makosa halali. Mwaka 1917, mafundi wa Ofisi ya Uchapaji ya Marekani walitengeneza upya nafasi tatu zilizochakaa katika bamba lenye stempu 400 za senti 2, wakazigandamiza kwa sura ya senti 5. Sura zote mbili ni za George Washington, na senti 5 iliyotakiwa kuwa samawati ikatoka nyekundu katikati ya ndugu zake za senti 2. Mwaka 1935, Uingereza ilipoadhimisha miaka 25 ya Mfalme George V, karatasi chache za peni 2½ zilizochapwa kwa buluu ya Prussia kama majaribio ya rangi, ambazo zilipaswa kuharibiwa, zilichanganyika na mzigo wa kawaida na kuuzwa katika posta ndogo ya Edmonton, kaskazini mwa London. Mnunuzi mwenye jicho akaziwahi.

Hukumu ya maabara

Tofauti ya kosa na uharibifu inahitaji mtu wa kuiamua. Chama cha London ambacho leo kinaitwa Royal Philatelic Society kimekuwa na kamati ya wataalamu ya kutoa hati tangu 1894, na New York taasisi ya Philatelic Foundation imefanya kazi hiyo tangu 1945. Njia zao za msingi ni rahisi kueleweka. Kwanza hutazama wino uliofunikwa na muhuri, kwa sababu jua haliufikii kama ulio wazi. Rangi mbili tofauti chini ya muhuri na pembeni yake ni ushahidi mbaya. Hutazama nyuzi za karatasi kwa darubini, maana dawa huacha alama hata pale rangi inapoonekana safi. Huiweka chini ya taa ya miale ya urujuanimno, ambapo karatasi iliyooshwa hung'aa tofauti. Kisha huja vifaa vya eksirei na leza vinavyotaja madini na kemikali zilizomo kwenye wino bila kukwangua hata chembe. Njia ya mwongo ni fupi, na katika kazi hii huishia mara nyingi pale kwenye muhuri.

Njano ya Sweden ilipita katika kesi hiyo miaka ya 1970. Makumbusho ya Posta ya Sweden yalitamka kwamba ni ya kughushi. Ukafuatia uchunguzi mwingine, na uamuzi ukageuka: karatasi, wino na muhuri vyote ni vya wakati wake, na hakuna rangi iliyofutwa wala kuongezwa. Mwaka 1984 ikauzwa kwa faranga za Uswisi 977,500, na mwaka 1996 kwa 2,875,000. Mwaka 2013 tajiri Gustaf Douglas aliinunua na kuirudisha Sweden.

Fedha hizo hazikulipia njano, kwani njano ni rahisi kuitengeneza. Zililipia uhakika kwamba uzembe ulifanyika mezani kwa Sparre, kabla ya Julai 1857, na kwamba tangu hapo hakuna aliyeigusa rangi ile. Ukikuta katika albamu ya babu stempu ya rangi isiyojulikana, usiioshe, usiianike juani, usiisafishe hata kidogo. Iache kwenye bahasha yake kama ipo, na umpelekee mtaalamu vyote viwili pamoja. Rangi peke yake itamweleza machache; tarehe ya muhuri na karatasi iliyo chini yake ndivyo vitakavyosema rangi hiyo iligeuka lini.